Gitaa la Jazi Nyumbani: Unyororo Huanzia Kidoleni

Wes Montgomery alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1923, na alipoanza kujifunza gitaa kwa dhati alikuwa tayari kijana aliyeoa, mwenye kazi ya mchana ya kumpatia riziki. Alikuwa amevutwa na rekodi za mpiga gitaa Charlie Christian. Akanunua gitaa la umeme na amplifaya, akawa anakaa nyumbani kuzifuatilia noti za Christian moja baada ya nyingine mpaka zikamkaa mikononi. Kelele zikawakera watu wa nyumbani na majirani. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo alipoweka kando piki, kile kijiplastiki cha kudonolea nyuzi, akaanza kupiga kwa nyama ya kidole gumba ili sauti ishuke. Kidole hicho ndicho kinachosikika kwenye albamu ya The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery ya mwaka 1960, na hadi leo, wapigaji wanapotaka kueleza sauti nyororo na iliyoiva ya gitaa la jazi, jina lake ni miongoni mwa yanayotangulia.

Kisa hiki husimuliwa kama kipande cha maisha ya msanii, kisha mazungumzo yakarudi kwenye magitaa ya bei kubwa. Mimi nakiona kuwa ni ushahidi. Sauti ambayo watu wanaitafuta majumbani kwa gharama na kwa manung'uniko ilipatikana nyumbani, usiku, na mtu aliyekuwa anajitahidi asisikike sana. Malalamiko ya kawaida ni kinyume chake kabisa: kwamba nyumba ni kikwazo, kwamba amplifaya haiwezi kutoa sauti nzuri mpaka ifunguliwe, kwamba bila gitaa kubwa lenye tumbo hakuna jazi. Nitakalolitetea hapa ni kwamba unyororo wa gitaa la jazi huamuliwa kwa sehemu kubwa kabla umeme haujaingia, pale kidole kinapokutana na uzi, na kwamba utulivu wa nyumbani unaufaa kuliko jukwaa, ilimradi mpigaji aelewe utulivu huo unabadilisha nini masikioni na chumbani. Wengi hawashindwi kwa kukosa fedha. Wanashindwa kwa sababu wanadhani unyororo ni kupunguza sauti kali tu, basi.

Tuitazame kwanza sauti yenyewe ni kitu gani. Uzi wa gitaa unapotikisika hautoi sauti moja. Hutoa sauti ya msingi, ile tunayoitambua kuwa ndiyo noti, pamoja na sauti ambatani zilizo juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne ya masafa ya msingi, na kuendelea. Uzi mnene kabisa ukipigwa wazi una msingi wa takriban Hz 82, mwembamba kabisa Hz 330, na noti nyingi ambazo mpigaji wa jazi huzitumia kusimulia wimbo zina misingi iliyo kati ya Hz 200 na 800. Katika sauti nyororo msingi huo una nguvu, sauti ambatani za kwanza zipo na zinasikika, lakini zile zilizopita Hz 3,000 au 4,000 zimepungua sana. Tena kuna jambo la pili, ambalo mashine ya kupima masafa hailionyeshi kwa urahisi: mwanzo wa noti. Noti ya jazi haianzi kwa mlio wa plastiki kugonga chuma. Inaanza kwa mviringo, kama silabi inayoanza kwa herufi m na si kwa herufi t. Hata hivyo ina mwanzo. Ukisikiliza Midnight Blue, albamu ya mpiga gitaa Kenny Burrell iliyotolewa na lebo ya Blue Note mwaka 1963, utaona kwamba gitaa halina ukali wowote unaokera, na bado kila noti inatambulika ilipoanzia na ilipoishia, hata katikati ya noti nne zilizopigwa kwa pamoja. Uwazi huo unatokana na masafa ya kati, hasa kati ya Hz 1,000 na 2,000. Ukiyaondoa hayo hubaki sauti iliyofunikwa blanketi.

Na blanketi hilo ndilo watu wanalojifunika nyumbani. Mtu anasikia kwamba jazi ni sauti isiyo kali, anakizungusha kitufe cha toni cha gitaa hadi sifuri, anapunguza trebo ya amplifaya, anaongeza besi, kisha anashangaa kwamba sauti ni bubu na noti za besi zinavuma bila umbo. Hesabu inaeleza kwa nini. Pikapu ya koili mbili, aina ambayo fundi Seth Lover aliibuni katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, ikiungwa kwenye amplifaya kwa waya wa mita 5 au 6, hupitisha masafa vizuri hadi jirani ya Hz 3,000, kisha nguvu hushuka. Kitufe cha toni kikiwa sifuri, kapasita ya maikrofaradi 0.022 iliyomo ndani ya magitaa mengi ya aina hiyo inaingia kwenye mzunguko wote, na ule mpaka unashuka hadi karibu Hz 500. Sasa noti iliyo kwenye freti ya 12 ya uzi mwembamba ina msingi wa Hz 659. Yaani mpigaji hajaondoa ukali peke yake; ameanza kuukata msingi wenyewe wa noti anazozipiga kwenye nyuzi nyembamba, huku za nyuzi nene zikipita bila kuguswa. Haishangazi kwamba nyimbo zinafifia na besi inatawala. Kitufe hicho kikae kati ya nusu na robo tatu, mahali ambapo ukali wa juu umelainika na masafa ya kati yamebaki. Msaidizi wake mzuri, ambaye hasifiwi ipasavyo, ni kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe: kwa magitaa mengi, ukikishusha hadi sita au saba, upinzani wake pamoja na uwezo wa waya kuhifadhi chaji hupunguza trebo kwa upole, bila kuuziba uwazi.

Lakini vitufe vyote hivyo vinafanya kazi ya kusahihisha kile ambacho mkono umeshakitoa, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Fizikia ya uzi uliodonolewa imejulikana muda mrefu: sauti ambatani ambayo ina kituo chake cha utulivu mahali unapodonolea haitoki. Ukidonoa karibu na daraja, unaziamsha karibu sauti ambatani zote, na uzi unalia mkavu, wa bati. Ukisogea kuelekea shingoni, nguvu inahama kutoka juu kwenda kwenye msingi. Pia upana na ulaini wa kinachogusa uzi una sehemu yake. Ncha nyembamba ya plastiki huukunja uzi kwa pembe kali, na pembe hiyo kali ndiyo mama wa sauti ambatani za juu kabisa. Nyama ya kidole gumba huukunja kwa mviringo mpana, na zile za juu hazizaliwi. Tofauti kati ya kutozaliwa na kukatwa ni kubwa. Kichujio cha umeme hukata kila kitu kilicho juu ya mpaka wake, noti zote, muda wote, ukipiga kwa nguvu au kwa upole. Kidole kinachagua noti kwa noti: noti ya kilele inaweza kupewa ukali kidogo kwa kusogea sentimita mbili kuelekea darajani, na inayofuata ikarudi kwenye ulaini. Ndiyo maana Montgomery, aliyepiga kwa kidole kimoja, hasikiki kuwa na sauti ya rangi moja.

Mtu atapinga kwamba huu ni ushauri wa kumkatisha tamaa anayeanza: mkono wa Montgomery haupatikani kwa wiki moja, na yeye anataka sauti nzuri leo. Ni kweli mkono haupatikani kwa wiki moja. Lakini mahali pa kudonoa panabadilika leo hii, bila mazoezi. Wengi wa waliotoka kwenye roki au dansi wameuzoesha mkono wao kukaa kati ya pikapu na daraja. Wakiusogeza hadi mwisho wa ubao wa freti, sauti inabadilika papo hapo, zaidi ya vile ingebadilika kama wangebadilisha amplifaya. Asiyependa kidole gumba atumie piki nene isiyopinda, yenye kona butu, na aishike kwa kuilaza kidogo ili uzi uteleze juu ya ukingo wake badala ya kugongwa. Mkono wa kushoto nao usisahaulike. Sehemu ya unyororo tunaousikia kwenye rekodi ni kwamba noti moja inashikwa mpaka ile ya pili inapozaliwa. Pengo likiingia kati yao, hata pikapu bora duniani haitaliziba.

Baada ya mkono huja nyuzi, na hapa fedha kidogo hununua mengi. Nyuzi za kawaida za gitaa la umeme, zile nene, huzungushiwa waya wa mviringo, na mabonde kati ya mizunguko yake hutoa mkwaruzo kila kidole kinapoteleza. Nyuzi bapa huzungushiwa utepe wa chuma uliolala, kwa hiyo uso wake ni laini kama kioo. Hazina mkwaruzo, sauti zake za juu ni chache tangu mwanzo, na noti yake inakufa mapema kidogo, jambo ambalo katika jazi ni faida kwa sababu huacha nafasi ya noti inayofuata. Thomastik-Infeld ya Vienna na watengenezaji wengine kadhaa huziuza kwa seti zinazoanza na uzi mwembamba wa inchi 0.011, 0.012 au 0.013. Uzi wa tatu katika seti hizo kwa kawaida umezungushiwa utepe, na ninauona kuwa muhimu zaidi ya unene: uzi wa tatu usiozungushiwa chochote hulia tofauti na majirani zake wote, ukitoboa katikati ya fungu la noti kama mtu anayepaza sauti kanisani. Kuhusu unene wenyewe, ile imani kwamba lazima uumize vidole kwa nyuzi nzito haina msingi. Kati ya wapigaji wa jazi, Pat Martino alijulikana kwa nyuzi nene sana, Jim Hall kwa nyepesi kiasi, na hakuna atakayesema kwamba Jim Hall alikuwa na sauti nyembamba. Faida ya nyuzi nzito ni kwamba zinastahimili mkono wenye nguvu bila kuparuza freti. Anayepiga taratibu nyumbani hana haja kubwa ya ustahimilivu huo.

Sasa pingamizi kubwa kuliko yote: gitaa lenyewe. Wapo wanaosema bila kusita kwamba sauti ya jazi ni sauti ya mvungu, na asiye na gitaa lenye tumbo kubwa na ubao wa juu uliochongwa hajaanza. Sitaikana sehemu ya ukweli iliyomo. Gibson L-5 CES aliyoipiga Montgomery ina ubao wa juu wa msprusi uliochongwa, na gitaa la aina hiyo lina mwanzo wa noti wenye kishindo cha mbao na mwisho wa haraka ambao gitaa la mbao tupu, lisilo na mvungu, haliigizi lote. Lakini tazama ushahidi mwingine. Gibson ES-175, iliyotoka mwaka 1949 na kupigwa na Jim Hall na Joe Pass, haikuchongwa. Ubao wake wa juu ni tabaka za mepo zilizogundishwa, plaiwudi kwa jina la mtaani. Joe Pass mwenyewe, katika albamu ya Sounds of Synanon ya mwaka 1962, alipiga gitaa la Fender la mbao tupu lililokuwa mali ya kituo alichokuwa anatibiwa uraibu, na anayesikiliza anamsikia mpigaji wa jazi, si mpigaji wa gitaa lisilofaa. Na yupo Ed Bickert wa Kanada, ambaye kwa miaka mingi alishika Fender Telecaster, gitaa ambalo wengi wanalihusisha na muziki wa kantri na ukali wa bati. Kwenye Pure Desmond, aliyorekodi na Paul Desmond mwaka 1974, gitaa la Bickert limekaa kandokando ya saksafoni kwa upole ambao wenye magitaa ya mvungu wanauonea wivu. Kilichowaunganisha Bickert, Hall na Burrell hakikuwa umbo la gitaa. Walitumia pikapu ya shingoni, ambayo inakaa takriban robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, mahali ambapo msingi wa noti una mtikisiko mkubwa, na walikuwa na mikono iliyojua kutulia.

Nyumbani, gitaa lenye mvungu lina hata hasara yake, na tukiieleza tutakuwa tumefika kwenye mambo mawili ambayo utulivu unayabadilisha. La kwanza liko sikioni. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Maabara ya Bell walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halipokei masafa yote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko kunabadilika kadiri sauti inavyoshuka. Kwa sauti ya chini, kama ya mazungumzo ya sebuleni, noti ya Hz 100 huhitaji takriban desibeli 20 za ziada ili isikike sawa na ya Hz 1,000. Sauti ikipanda hadi ya jukwaani, pengo hilo linapungua. Maana yake ni kwamba mipangilio ya vitufe iliyoleta sauti nene klabuni itasikika nyembamba chumbani, na si kwa sababu amplifaya imeharibika. Kwa hiyo nyumbani besi iongezwe kidogo, na sauti za kati zisipunguzwe hata kidogo. La pili liko gitaani. Amplifaya ikiwa chini, sikio halisikii spika peke yake. Linasikia pia nyuzi zenyewe hewani, umbali wa nusu mita, na hasa ule mgongano wa piki na chuma. Gitaa lenye mvungu huukuza mgongano huo. Mpigaji anapunguza trebo, mgongano haupungui, anapunguza tena, bado upo, kwa sababu hautoki kwenye amplifaya hata kidogo. Dawa yake ni mguso laini zaidi, au kuitumia sauti hiyo ya mbao kama sehemu ya sauti nzima. Jim Hall, aliyesifika kwa kupiga kwa sauti ya chini, alionyesha jinsi mbao na spika zinavyoweza kusikika pamoja kama chombo kimoja.

Chumba kinastahili sura yake peke yake, kwa sababu wanaoandika mambo haya wengi wao wanakaa kwenye nyumba za mbao zenye mazulia, ilhali msomaji wa Mombasa, Dodoma au Bujumbura huenda anakaa kwenye kuta za tofali zilizopigwa plasta na sakafu ya saruji au vigae. Nyuso hizo ngumu hurudisha karibu trebo yote inayozifikia, na sauti iliyokuwa nyororo kwenye spika inafika sikioni ikiwa na kingo. Mkeka peke yake hausaidii sana. Pazia zito, godoro lililosimamishwa ukutani, kochi la kitambaa na kabati lililojaa nguo husaidia kweli. Besi nayo ina hila zake. Chumba chenye upana wa mita 3 huikuza noti iliyo karibu na Hz 57 na zile za mara mbili na mara tatu yake, na amplifaya ikisukumwa kwenye kona huikuza zaidi. Kwa anayepiga kwa sauti ya chini sana, kona ni besi ya bure. Kwa anayepiga kwa sauti ya wastani, kona ni chanzo cha ule mvumo usio na umbo, na kuivuta amplifaya nusu mita kutoka ukutani huuondoa. Kuna jambo jingine dogo lenye matokeo makubwa: spika ya inchi 12 hutupa masafa ya juu mbele yake moja kwa moja, kama tochi, na masafa ya chini huyasambaza pande zote. Ukiielekeza usoni, unapokea ukali wake wote. Igeuze kidogo pembeni, au iache sakafuni ikielekea mbali nawe, na sauti inalainika bila kugusa kitufe chochote.

Tukija kwenye amplifaya, pingamizi husema vali za kioo zinahitaji kufunguliwa ndipo sauti ipate unene. Hilo ni kweli kwa roki na bluzi, ambako sauti inayotakiwa ni ya amplifaya iliyozidiwa. Jazi ya aina tunayoizungumzia inataka kinyume: sauti safi, isiyokwaruza, hata noti nne zikipigwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1970 wapigaji wakubwa, Joe Pass akiwemo, walipiga amplifaya za Polytone, za transista, na Roland JC-120 iliyotoka mwaka 1975, ya transista pia, imetumika na wapigaji wa jazi kila pembe ya dunia. Transista haisubiri kufunguliwa ndipo itoe sauti yake. Kilicho muhimu zaidi ya vali ni spika. Spika ya gitaa ya inchi 12 hupoteza nguvu haraka baada ya takriban Hz 5,000, na upotevu huo ndio nusu ya unyororo. Ndiyo maana gitaa likiingizwa moja kwa moja kwenye kompyuta na kusikilizwa kwa hedifoni hulia kwa ukavu wa kutisha: hakuna spika ya kuzuia chochote. Anayepiga usiku kwa hedifoni, wakati familia imelala, lazima atumie programu inayoiga spika na kasha lake, na aunge gitaa kwenye tundu la ala lenye upinzani wa takriban megaohmu 1. Akilichomeka kwenye tundu la kawaida, pikapu inazidiwa na sauti inakufa, kisha mtu analaumu programu. Mwangwi uwe mdogo, wa kutosha tu kuondoa ukavu wa chumba. Na anayeagiza amplifaya kutoka Marekani akumbuke kwamba ile ya volti 120 haitakiwi kuchomekwa kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240 bila transfoma.

Yupo atakayesema kwamba yote haya ni kukimbiza kivuli, kwa sababu tunachokisikia kwenye rekodi ni kazi ya studio: maikrofoni za bei mbaya, tepu, na fundi mwenye masikio ya pekee. Ni pingamizi la haki, na jibu lake ni la kufurahisha. Rekodi nyingi za Blue Note za miaka ya 1950, ikiwemo Introducing Kenny Burrell ya mwaka 1956, zilirekodiwa na Rudy Van Gelder sebuleni mwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Alihamia studio yake ya Englewood Cliffs mwaka 1959. Van Gelder alikuwa fundi wa hali ya juu na maikrofoni zake zilikuwa bora, sikatai. Mwangwi alioongeza ni sehemu ya sauti tunayoipenda. Lakini hakuweza kumpa Burrell mguso ambao Burrell hakuwa nao. Maikrofoni inakopi, na kilichokopiwa kilikuwa mkono na amplifaya ndogo ndani ya sebule.

Limebaki pingamizi la ladha, nalo si baya, maana lina ukweli ambao wapenzi wa jazi huusahau. Si jazi yote iliyo nyororo. Django Reinhardt alipiga gitaa kavu lenye kung'ata, na hakuna aliye mkubwa kuliko yeye. Grant Green, kama mpiga gitaa mwenzake George Benson alivyosimulia, aliondoa besi na trebo kwenye amplifaya akaacha masafa ya kati tu, na sauti yake ina pua na makali ya kisu. Hata Charlie Christian, aliyeanza na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na Gibson ES-150, ana ukali ambao wanaomwita baba wa sauti nyororo hawausikii. Nasi tuliolelewa na dansi tunajua uzuri mwingine kabisa. Gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au la Franco na OK Jazz, lilipaswa kung'aa ili lipite katikati ya tarumbeta, saksafoni na tumba, na unyororo wa Jim Hall ungezama humo bila kuacha alama. Kila sauti imezaliwa na kazi yake. Nyororo inafaa pale gitaa linapokaa peke yake au na besi na ngoma zilizotulia, na nyumbani, ambako gitaa mara nyingi liko peke yake, ndiyo inayofaa kuliko zote.

Kwa hiyo, wewe unayeihesabu fedha yako ukitafuta gitaa jipya, ihesabu kwa mpangilio huu. Kwanza usilipe chochote: chagua pikapu ya shingoni, sogeza mkono hadi mwisho wa ubao wa freti, acha kitufe cha toni kati ya nusu na robo tatu, geuza spika. Pili nunua seti moja ya nyuzi bapa, na kama unakaa pwani, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, maana hewa ya chumvi haisamehi chuma. Tatu, ikiwa bado kuna kinachopungua, tafuta amplifaya safi ya transista yenye spika ya inchi 12, hata iliyotumika. Gitaa lenye mvungu liwe la mwisho kwenye orodha, na ulinunue siku utakapokuwa umelipenda kwa kishindo chake cha mbao, si kwa kudhani ndilo linaloshika ufunguo.